Namba kubwa ya kingamwili: niliyoyaona maabara Kigoma

Mtu akipewa karatasi ya majibu ya tezi ya shingo, jicho haliendi kwenye TSH, homoni ya ubongoni inayoiamuru tezi ifanye kazi na inayopanda tezi inapochoka. Linashuka moja kwa moja hadi mstari wa kingamwili, zile protini za kinga ya mwili zinazoilenga tezi, maana huko ndiko kwenye namba ya tarakimu tatu yenye nyota pembeni. Nimefanya kazi ya maabara hapa Kigoma mjini miaka mingi, kwanza kwenye kituo cha afya, sasa kwenye maabara ndogo ya binafsi maeneo ya Mwanga, na sikumbuki mgonjwa aliyeanza kuniuliza habari za TSH yake. Wote huanza na ile nyingine. "Mia sita, dokta, si nitakufa?" Mimi si daktari, ni mteknolojia wa maabara, lakini kwetu kila aliyevaa koti jeupe ni dokta na nilishaacha kubishana.

TSH tunapima wenyewe. Kingamwili hatuna mashine yake. Tunatoa damu, tunaiacha igande kama nusu saa, tunaizungusha, tunachota yale maji ya njano yanayoelea juu, tunayafunga kwenye kulboksi yenye barafu, basi la Mwanza linayabeba kupitia Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi na kuendelea. Wateja huogopa kwamba sampuli itaharibika njiani. Kwa kipimo hiki hofu hiyo ni ndogo: damu ikishatenganishwa vizuri na kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, kingamwili huvumilia siku kadhaa. Matatizo niliyoyaona mimi hayatoki barabarani. Hutoka kabla ya sindano, pale mtu anapoandikiwa kipimo bila swali, na baada ya majibu, pale namba inaposomwa kama matokeo ya mtihani wa darasa la saba.

Mkoani kwetu uvimbe wa shingo si habari ngeni. Wazee waliokulia milimani wanawakumbuka watu wenye rovu lililoning'inia, na kila mtu anajua jibu lake: chumvi yenye madini joto. Miaka ya 1980 na 1990 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto kwenye wilaya zilizosumbuliwa na rovu, kisha ikaja sheria ya kuweka madini hayo kwenye chumvi. Kwa hiyo hadi leo mama akitokeza uvimbe shingoni, familia inamalizia kesi jikoni: badilisheni chumvi. Wapo wanaoilaumu chumvi ya Uvinza, kana kwamba ndiyo iliyoleta rovu, wakati shida ni chumvi yoyote, itoke Uvinza au pwani, ikiuzwa bila kuwekewa madini joto.

Hapo ndipo kipimo cha kingamwili kinapoonyesha thamani yake. Nakumbuka mama mmoja aliyeletwa na wanawe kutoka upande wa Kasulu. Shingo imejaa, ukiigusa ngumu kama mpira, sauti imekwaruza, uso umevimba asubuhi, anavaa sweta saa sita mchana Kigoma hii ya jua. TSH yake ilisoma 38, wakati kawaida ni takribani 0.4 hadi 4. Daktari akaagiza anti-TPO, ndiyo ile kingamwili ya tezi, ikarudi zaidi ya 1,000. Maana yake ni kwamba kinga ya mwili wake mwenyewe ilikuwa inaishambulia tezi. Ule ni ugonjwa wa Hashimoto, uliopewa jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, aliyeueleza mwaka 1912 kutokana na tezi za wanawake wanne waliofanyiwa upasuaji. Kwamba chanzo chake ni kinga ya mwili kujigeuka haikujulikana mpaka mwaka 1956, watafiti wa London walipozikuta kingamwili za tezi kwenye damu ya wagonjwa.

Wanawe walikuwa wameshamnunulia chumvi ya kutosha mwaka mzima, na mmoja alikuwa ameahidiwa matone ya madini joto na mtu wa dukani. Ikabidi waelezwe kitu kigumu kukimeza: kwa ugonjwa huu madini joto ya ziada hayasaidii, na yakizidi yanaweza kuichokoza tezi zaidi. Denmark walipoanza kuweka madini joto kwenye chumvi yao karibu na mwaka 2000, watafiti waliona watu wenye kingamwili za tezi wakiongezeka. Haina maana chumvi ile iachwe, maana mtoto anayekosa madini joto tumboni anapoteza akili asiyoweza kurudishiwa. Chumvi ya kawaida ya mezani inatosha, matone ya dukani yabaki dukani. Mama yule alianzishiwa levothairoksini, yaani homoni ya tezi iliyotengenezwa, kidonge kimoja asubuhi tumbo likiwa tupu, na hakupimwa tena anti-TPO. Kila baada ya wiki sita hadi nane dozi ikirekebishwa anapimwa TSH tu.

Hili la kutopima tena ndilo linalonigombanisha na watu. Kingamwili ni nyayo za mwizi getini: zinakuambia mwizi ni wa aina gani, hazikuambii kabeba nini. Alichobeba kinaonekana kwenye TSH na kwenye homoni yenyewe, T4. Mtu mwenye 1,200 anaweza kuwa na tezi inayofanya kazi vizuri, na mwenye 90 akawa ameishiwa kabisa. Dozi ya levothairoksini haipangwi kwa anti-TPO, na anti-TPO ikishuka dozi haipunguzwi. Sasa niambie, aliyepima Januari akarudi Aprili na Julai kulipia kipimo kilekile amenunua nini? Kwetu bei yake inazidi mara mbili ya TSH, na bado hujaweka nauli ya kulboksi.

Lakini wanarudi, kwa sababu kuna biashara nzima imejengwa juu ya ile namba. Kwenye magrupu ya WhatsApp kuna unga wa mlonge wa "kushusha kingamwili", kuna vidonge vya seleniamu, kuna mlo wa kuacha vyakula vya ngano wiki kadhaa kisha upime tena. Seleniamu ni kweli imeonekana kuishusha namba kwenye baadhi ya tafiti. Ila namba kushuka ni jambo moja, mgonjwa kupata nafuu au kupunguza dawa ni jingine, na hilo la pili halijathibitishwa. Mlonge sina neno nao, ni mboga nzuri.

Mdogo wangu mwenyewe alinifundisha upande wa pili. Anaishi Dar es Salaam, kazini kwao kukaja watu wa maabara na vifurushi vya uchunguzi, kifurushi cha bei ya juu kina kingamwili za tezi ndani. Haumwi chochote, kalipa kwa sababu wenzake wamelipa. Usiku akanitumia picha ya karatasi: anti-TPO 612. Akapiga simu analia, "Dada, na huyu mtoto wangu nitamwachia nani?" Nikamwambia aniteremshie picha mstari wa juu. TSH 2.1. T4 safi. Nikamwuliza usingizi, choo, hedhi, uzito, baridi. Yote sawa.

Watu hawapendi kuambiwa kwamba unaweza kuwa na kingamwili na usiwe mgonjwa. Utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1988 hadi 1994 uliwakuta na anti-TPO zaidi ya asilimia 11 ya watu wasio na ugonjwa wowote wa tezi unaojulikana, wanawake wengi kuliko wanaume, na wanazidi kadiri umri unavyopanda. Kwa Wamarekani weusi ilikuwa chini, kama asilimia 4.5. Ukikusanya watu wazima waliokaa tu kusubiri boti ukawapima wote, utawatisha baadhi yao bila sababu. Ndiyo maana kipimo hiki hakifai kuwa cha kifurushi. Kina maana kikiulizwa swali: TSH imepanda, kwa nini? Shingo imevimba, kwa nini?

Hata hivyo sikumwambia mdogo wangu asahau. Huko Uingereza, eneo la Whickham, waliwafuatilia watu wale wale miaka 20. Wanawake waliokuwa na kingamwili peke yake, TSH ikiwa ya kawaida, kila mwaka kama 2 kati ya 100 walifikia hatua ya tezi kushindwa. Waliokuwa na kingamwili na TSH iliyopanda, zaidi ya 4 kati ya 100 kwa mwaka. Kwa hiyo 612 yake ni taarifa ya kupima TSH mara moja kwa mwaka, na mapema zaidi akishika mimba, na kuwa macho miezi ya kwanza baada ya kujifungua, maana wenye anti-TPO ndio wanaopata sana uvimbe wa tezi wa baada ya uzazi, ambao watu huuita uchovu wa mzazi na kuupita. Dawa, hapana. Alikasirika. Alitaka dawa.

Kwenye mimba lawama ni nzito zaidi. Nimepokea kina mama waliopoteza mimba mbili au tatu, wakapimwa anti-TPO, ikawa chanya, wakaambiwa na mtu fulani kuwa huyo ndiye mchawi wao, wameze levothairoksini hata kama TSH ni nzuri. Wazo hilo lilipimwa Uingereza kwa wanawake zaidi ya 900 wenye anti-TPO na tezi inayofanya kazi vizuri, waliowahi kupoteza mimba au kuhangaika kuipata. Nusu wakapewa mikrogramu 50 za dawa, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: waliojifungua watoto hai walikuwa asilimia 37.4 upande mmoja na 37.9 upande mwingine, na wenye 37.9 ndio waliomeza kidonge kitupu. Kina mama hawa nawaeleza taratibu, mlango umefungwa, na sioni haya kusema kwamba ni mazungumzo ninayoyaogopa. Karatasi imewapa wa kumlaumu, na mimi namwondoa.

Kuna mwalimu wa Ujiji, mtu wa kutunza karatasi zake kwenye faili, aliyenijia na majibu mawili ameyapigia mstari kwa kalamu nyekundu. La kwanza, anti-TPO 22, limeandikwa "kawaida". La pili, maabara nyingine, miezi kadhaa baadaye, anti-TPO 14, limeandikwa "juu". "Mwanangu, mimi nafundisha hesabu," akaniambia, "hii imeshuka au imepanda?" Ukiangalia mabano ya kila karatasi unapata jibu. Mashine ya kwanza kikomo chake 34. Ya pili 5.61. Ipo nyingine inayokatia 60. Zote zinadai kufuata sampuli moja ya rejea iliyohifadhiwa Uingereza, yenye namba 66/387, na bado kila mtengenezaji anatoka na kikomo chake, kwa sababu kingamwili si kitu kimoja kama sukari. Ni mchanganyiko, na kila mashine inaukamata kwa mkono wake. Namba za mashine mbili hazilinganishwi. Nilimwambia mwalimu hivyo, akanitazama kama mwanafunzi aliyeleta kisingizio. Akauliza TSH ya siku zote mbili. Ilikuwa ileile karibu. Akafunga faili.

Na hasi nayo si hukumu. Wapo wagonjwa wachache wa Hashimoto ambao anti-TPO yao haionekani, wala anti-Tg, ile ya pili inayokamata protini ya tezi. TSH imepanda, ultrasaundi inaonyesha tezi yenye weusi uliotawanyika, mgonjwa anatibiwa kama wenzake. Anti-Tg siku hizi naona inaandikwa pamoja na anti-TPO kwa mazoea tu. Kazi yake kubwa iko kwa waliotolewa tezi kwa saratani, kwa sababu ikiwepo inavuruga kipimo cha thairoglobulini, protini hiyohiyo ya tezi, wanachofuatiliwa nacho.

Sasa habari ya binti wa saluni, ambayo naisimulia kila mwanafunzi wa mafunzo anapokuja kwetu. Aliingia akiwa na barua kutoka hospitali, majibu yametoka kwenye maabara kubwa ya mbali: TSH 0.02, T4 imepanda, TRAb chanya. TRAb ni kingamwili za aina nyingine, zinazokaa kwenye kitufe cha tezi na kukibonyeza bila kuachia. Ndizo za ugonjwa wa Graves, tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Karatasi ile ilikuwa Graves ya kitabuni. Ameandikiwa kabimazoli, dawa ya kuipunguza tezi kasi, amekuja kupima chembe nyeupe kabla hajaanza, kama inavyotakiwa.

Nikamshika mkono kumtafutia mshipa. Mkono baridi, mkavu, umetulia. Mgonjwa wa Graves mwenye TSH ya namna ile mkono wake una jasho, vidole vinatetemeka kiasi kwamba pamba inadondoka. Nikahesabu mapigo: 72. Uzito? Ameongezeka kidogo, anacheka, anasema chipsi. Macho ya kawaida. Nywele nyingi, ndefu, zake mwenyewe. Nikamsifia nywele. Akafungua mkoba akanionyesha chupa: "Hizi hapa, dada, hata wewe nitakuletea." Vidonge vya nywele na kucha, vitamini iitwayo bayotini, mikrogramu 10,000 kila kimoja, na yeye anameza viwili.

Baadhi ya mashine za vipimo hivi hutumia bayotini ndani yake kama gundi ya kukamatia kinachopimwa. Damu ikiwa imejaa bayotini ya vidonge, gundi inakosa pa kushika. Kwa namna TSH inavyopimwa, hilo huifanya isome chini ya ukweli; kwa namna T4 na TRAb zinavyopimwa, huzifanya zisome juu. Yaani zikikosea zote kwa pamoja, zinaandika Graves. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya bayotini mwaka 2017, na kwenye makaratasi ya vitendanishi limeandikwa kwa herufi ndogo. Nilimpigia daktari aliyemwandikia dawa, nikasema ninachokiona, yeye ndiye aliyeamua. Binti akaacha vidonge siku chache, ingawa siku mbili mara nyingi hutosha, damu ikaenda kwenye mashine ileile. TSH 1.6. TRAb haipo. Kabimazoli ikarudishwa duka la dawa, na muuzaji akakataa kurudisha hela.

Tangu hapo fomu yetu ina mstari: vitamini gani, tangu lini. Wengi huandika "sina". Mimi huuliza tena kwa mdomo, na huuliza nywele, kucha na ngozi, siulizi vitamini.

TRAb, tofauti na anti-TPO, ni kipimo ninachokitetea hata kwa bei yake. Tezi ikiwa kasi, anti-TPO haitenganishi, kwa sababu wagonjwa wengi wa Graves wanayo pia, na mwenye uvimbe wa tezi wa baada ya uzazi anayo. Nimeona mama aliyepungua kilo, moyo unakimbia, TSH haionekani, kaletwa na maandishi "Hashimoto" kwa sababu tu anti-TPO yake ilikuwa chanya. TRAb ndiyo inayosema kama ni Graves wa kutibiwa kwa kabimazoli miezi mingi, au ni tezi iliyochubuka inayomwaga homoni yake na itatulia, ambapo kabimazoli haina kazi.

Yule niliyejifunza kwake zaidi ni mfanyabiashara wa mawese, mama wa makamo, mimba ya tatu. Miaka michache kabla alitibiwa Graves kwa madini joto ya mionzi Dar es Salaam, tezi ikafa, akabaki kwenye levothairoksini. TSH yake kliniki ilikuwa 1.9, kila mtu ameridhika, kadi yake imeandikwa "tezi dhaifu, anaendelea na dawa." Daktari mmoja kijana, mgeni mkoani, akaisoma historia hadi ukurasa wa nyuma akaagiza TRAb. Mama akanijia juu: "Tezi sina, mnapima nini?" Swali zuri. Tezi haipo lakini kiwanda cha kingamwili kipo, na baada ya tiba ya mionzi huweza kukaa juu miaka. Kwake hazina pa kubonyeza. Lakini TRAb huvuka kondo la nyuma, na mtoto tumboni tezi anayo.

Ilirudi 11, kikomo cha mashine ile kikiwa 1.75. Ikizidi mara tatu ya kikomo kwenye nusu ya pili ya mimba, mtoto lazima afuatiliwe, basi akaanza kufuatiliwa: mapigo ya mtoto, ukuaji, shingo yake kwenye ultrasaundi. Alijifungua salama. Mtoto alipimwa siku ile na akapimwa tena siku ya nne, na ya siku ya nne ndiyo iliyoonyesha T4 imepanda. Akapewa kabimazoli ya kipimo cha mtoto kwa wiki kadhaa, ikapunguzwa, ikaachwa kingamwili za mama zilipokwisha mwilini mwake. Mama aliendelea na levothairoksini yake ileile. Anti-TPO hakuna aliyeiagiza, na hakuna aliyeihitaji.